Kuingia kwenye tahajudi kwa muziki wa papo kwa papo: mwongozo kamili kwa waliojaribu wakakwama

Wanaoniandikia kuhusu tahajudi ya muziki, yaani kutuliza akili kwa kuisikiliza sauti, karibu wote wana kilio kimoja. Wamekaa chini na kalimba (ala ndogo ya vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), gitaa au filimbi. Wengine wamemwalika rafiki mwenye udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, au ngoma. Wamepiga nusu saa nzima bila kupanga chochote, kisha wakanyanyuka na kichwa kilekile chenye makelele walichokaa nacho. Huwa wanaongeza kwamba walipiga vizuri, lakini utulivu hawakuuona.

Tatizo limo humo humo kwenye kupiga vizuri. Mtu akipiga ili apige vizuri, akili yake hukimbia mbele ya mkono kutafuta noti ijayo, halafu hurudi nyuma kuihukumu noti iliyopita. Kwenye noti inayolia sasa hivi haipo kabisa, na tahajudi inaihitaji hapo.

Kosa la pili ni la wanaokutanisha tamaduni. Wanachukua kipande cha wimbo wa Kihindi, kipande cha bluzi na mdundo kutoka kwingine, wanavipiga pamoja, inatokea vurugu. Watu wa kila upande wa dunia wamekaa vizazi na vizazi wakitafuta namna ya kulishika sikio lisitoroke, na kila upande umegundua mbinu yake. Ninachokuomba katika mwongozo huu ni kuazima hizo mbinu, moja moja, kila moja kwa kazi yake. Nyimbo ziache kwa wenyewe.

## Unachohitaji

Kitu cha kutoa mvumo. Mvumo ni sauti moja ya chini isiyokatika. Inaweza kutoka kwenye tambura (ala ya nyuzi ya India), gitaa, kinanda cha umeme, programu ya simu ya tambura, au koo la mtu mwingine.

Ala moja unayoifahamu kidogo. Kidogo kinatosha. Kama huna ala, tumia sauti yako, na wala hutapungukiwa na kitu. Anayeijua ala yake sana hupata tabu zaidi hapa, kwa sababu vidole vyake vina mazoea.

Kitu cha kushikia mzunguko: ngoma ndogo, kayamba, au mapaja yako mwenyewe.

Kengele au bakuli la chuma lenye mlio mrefu. Jaribu kabla: ukilipiga, mlio ukae angalau sekunde 10.

Ongeza programu ya kutyuni (kupima na kulinganisha noti), kipima muda chenye mlio laini, daftari na kalamu. Tafuta chumba ambacho hakuna atakayebisha hodi kwa dakika 45. Simu iweke kwenye hali ya ndege, hata kama ndiyo inayotoa mvumo. Programu nyingi za aina hii hufanya kazi bila intaneti.

Kitu kimoja usilete: kinasa sauti. Kwa vikao 10 vya mwanzo usirekodi chochote. Ukijua unarekodiwa, tayari una msikilizaji wa kumpendeza.

## Nani awe mwangalifu

Kukaa kimya na sauti inayojirudia kunaweza kuibua huzuni au hofu ambayo mtu alikuwa ameifunika. Kwa wengi hupita. Lakini kama unaishi na kumbukumbu za tukio la kutisha, au umewahi kuugua maradhi ya akili yaliyokufanya uone au usikie visivyokuwepo, zungumza kwanza na mtaalamu anayekutibu, na usianze peke yako.

Ikitokea katikati ya kikao moyo ukaenda mbio au ukahisi uko mbali na mwili wako, fungua macho, simama, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona chumbani, kisha zima mvumo. Kikao kimeishia hapo kwa siku hiyo.

## Hatua ya 1: Weka mvumo, kisha usiuguse

Tambura ya India huwa na nyuzi 4 na haipigi wimbo wowote. Kwa kawaida hutyuniwa So, Do, Do, na Do ya chini (Do ni noti ya kwanza ya ngazi, So ni ya tano), na mpigaji huzivuta moja baada ya nyingine, taratibu, bila kufuata mapigo ya muziki unaoendelea juu yake. Kazi yake ni kuwa nyumbani. Mwimbaji akienda popote, akirudi anaikuta.

Kuna jambo dogo kwenye ala hii ambalo lilinibadilisha kabisa. Kati ya kila uzi wa chuma na daraja linaloubeba hupitishwa kiuzi chembamba cha pamba. Kikiwa si mahali pake, uzi hulia mkavu, sauti moja basi. Ukikisogeza kwa ncha ya kidole, kidogo tu, ghafla uzi unaanza kuvuma kama nyuki mzingani, na ile noti moja inafunuka: unasikia juu yake noti nyingine ndogo ndogo zikipanda na kushuka. Ukikisogeza tena, zinatoweka.

Sasa nenda Zimbabwe. Wapigaji wa mbira, ala ya jamii ya kalimba, hufunga machachara, yaani makombe madogo au vifuniko vya chupa, kwenye ubao wa ala au kwenye buyu linalokuza sauti, ili kila noti itoke na mtetemo wake wa kukwaruza. Jamii mbili zilizo mbali vile, na zote ziliikataa sauti safi. Kwa kazi yetu sababu ni muhimu: sauti safi sikio huizoea upesi, na sikio likishazoea, akili inaondoka. Sauti yenye mkwaruzo hujisogeza ndani kwa ndani, kila mara ina kitu kipya cha kukusikilizisha.

Kwa hiyo chagua mvumo wenye uhai. Kwenye kinanda, acha ile sauti bapa ya ogani, tafuta ya nyuzi. Kwenye gitaa, pitisha kipande chembamba cha karatasi kati ya nyuzi, karibu na daraja, usikie linavyobadilika.

Urefu wa sauti uchague kwa koo lako. Funga mdomo, guna "mmm" pale unapojisikia umelegea kabisa, uiangalie noti hiyo kwenye programu ya kutyuni. Kwa wanaume wengi huangukia karibu na C au D, kwa wanawake wengi karibu na G au A. Hiyo ndiyo Do yako. Hizi hapa njia rahisi:

- Gitaa: legeza uzi mnene kutoka E hadi D, kisha vuta nyuzi za 6, 5 na 4 zikiwa wazi. Utapata D, A, D.
- Kinanda: shikilia D na A ya juu yake, yaani Do na So.
- Ukitaka kutumia kalimba ya vipande 17 iliyotyuniwa C, mvumo wako uwe C na G, hata kama koo lako lilitaka kitu kingine.

Onyo: mvumo usiwe mkubwa. Mtu aliye karibu nawe aweze kukusikia ukiongea kwa sauti ya kawaida. Wanaoongeza sauti wakidhani wataingia ndani haraka huishia kuchoka masikio.

Utajuaje umepatia: baada ya dakika chache utaacha kuusikia kama kelele. Ukiuzima ghafla, utahisi kama mtu ameondoa ukuta uliokuwa umeuegemea.

## Hatua ya 2: Dakika 5 za mikono mitupu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayowakwamisha wengi. Kaa, mgongo umenyooka bila kukakamaa, ala iwe kando, mikono juu ya mapaja. Sikiliza mvumo tu.

Kwanza usikilize wote kama kitu kimoja. Kisha ingia ndani yake, utafute sauti ya juu kabisa unayoweza kuisikia ikijificha humo. Kisha panua sikio hadi pembe za chumba: upepo, gari, mtu anayetembea. Rudi kwenye mvumo. Fanya hivyo mizunguko kadhaa.

Pumzi iache ipungue yenyewe, kutoa kuwe kurefu kidogo kuliko kuvuta. Usihesabu wala usilazimishe. Ukiona kizunguzungu au ganzi kwenye vidole, unapumua kupita kiasi. Acha mwili upumue unavyotaka.

Mawazo yatakuja. Ukigundua umeondoka, tafuta mvumo, urudi. Kule kurudi ndiyo kazi yenyewe, hata ukirudi mara 30.

## Hatua ya 3: Noti moja, pumzi moja

Watawa wa Kijapani wa madhehebu ya Fuke walipuliza filimbi ya mwanzi iitwayo shakuhachi kama sehemu ya ibada yao, wakaita jambo hilo suizen, yaani Zen (tafakuri ya Kibudha) ya kupuliza. Tunachoazima kwao ni hiki: sauti moja ikae ndani ya pumzi moja, kuanzia inapozaliwa hadi inapokufa.

Chukua ala. Chagua Do. Vuta pumzi, na unapoanza kuitoa, piga noti hiyo mara moja. Ifuate. Usipige tena mpaka iishe kabisa, na ikishaisha, kaa na kimya kwa pumzi moja nzima. Halafu piga tena. Dakika 10, noti ileile.

Utaona ni kitu kidogo. Nakumbuka mpigaji mmoja wa gitaa, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi jukwaani. Alipiga D yake, na kabla haijafika nusu, kidole chake cha pete kilikuwa kimeshakaa kwenye kituo kinachofuata, kimebonyeza uzi, kinasubiri. Hakukiona. Nilimwomba akiangalie. Alikiondoa, akapiga tena, kikarudi. Ilikwenda hivyo dakika saba. Mwishowe aliunyanyua mkono wote wa kushoto akaulaza juu ya ubao wa gitaa, akapiga, na safari hii alisikia kitu alichokuwa hajakisikia: mkia wa noti ulikuwa unayumba, wao, wao, wao, dhidi ya mvumo. Uzi wake ulikuwa umelegea kidogo sana.

Kuyumba huko kunaelezeka. Noti mbili zikikaribiana bila kulingana, tofauti ya mitetemo yao kwa sekunde ndiyo idadi ya mawimbi unayosikia kwa sekunde. Mitetemo 440 na 442 itakupa mawimbi mawili. Kwenye onyesho ungekimbilia kutyuni. Hapa acha kwanza, hesabu mawimbi yanavyofifia, yasikilize mpaka mwisho. Ni kamba nzuri ya kuifunga akili.

Onyo: ukichoka na noti hiyo, usiibadilishe. Uchovu huja karibu na dakika ya tatu au ya nne na huondoka wenyewe. Ukibadilisha noti kila unapochoka, unajizoesha kukimbia.

Utajuaje umefika: noti mbili zilizopigwa kwa namna ileile zitaanza kusikika tofauti. Na mkono utaacha kuwa na haraka. Kaa kwenye hatua hii kwa vikao vinne au vitano kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 4: Noti tatu, baadaye tano

Hapa ndipo kubuni kunapoanza. Alapu, ule ufunguzi usio na mapigo wa raga (utaratibu wa noti wa muziki wa Kihindi), huanzia nyumbani, na mpigaji huongeza noti taratibu, akiizunguka kila moja mpaka msikilizaji aijue kabla ya kufungua nyingine. Fuata mwendo huo. Dakika chache za kwanza Do peke yake. Kisha ongeza Re. Kisha Mi. Kila noti mpya iingie tu pale ile ya zamani imekolea sikioni.

Kutoka kwa wapigaji wa udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na nai (filimbi) tunaazima ukimya wa taksimu, yaani upigaji wa mtu mmoja anayebuni papo hapo. Waliozoea taarabu wanaujua: mpigaji anasema sentensi moja, ananyamaza, hewa inajaa alichokisema, ndipo anasema nyingine. Sheria yako iwe kwamba kimya kiwe kirefu angalau kama sentensi iliyokitangulia. Ukipiga kwa sekunde 6, nyamaza sekunde 6. Mvumo unaendelea chini yako, kwa hiyo hakuna pengo la kuogopa.

Baada ya wiki moja au mbili, fungua So na La. Sasa una Do, Re, Mi, So, La. Kwenye mvumo wa D ni D, E, F♯, A na B. Kwenye kinanda unaweza pia kutumia vitufe vyeusi pekee, mvumo ukiwa F♯ na C♯. Nimechagua hizi kwa sababu kati yao hakuna zilizopakana kwa nusu hatua (umbali wa kitufe kimoja hadi kinachofuata kwenye kinanda), kwa hiyo hakuna noti itakayogongana vibaya na nyingine. Hofu ya kukosea inaondoka, na hofu hiyo ndiyo inayokula nusu ya usikivu wa wanaoanza. Ngazi za noti tano utazikuta China, Ethiopia, Uskoti na kwenye milima ya Andes, kila mahali kwa ladha yake.

Lakini usidhani noti tano ni zilezile kila mahali. Slendro, ngazi ya noti ya gamelani (kundi la gongo na ala za chuma) ya Java, Indonesia, nayo ina tano, ila nafasi kati yake ni nyingine, na kila kundi la gamelani lina utyunishaji wake. Haitakaa sawa na kalimba yako.

Dalili kwamba umepotea: umeanza kupiga wimbo unaoujua, au umepiga kitu kizuri ukakirudia ili ukisikie tena. Simama pale pale, rudi Do, pumzi tatu.

## Hatua ya 5: Mzunguko, na mkono usiobadilika

Wapo watu ambao noti ndefu haziwatulizi hata kidogo. Miili yao inataka kwenda. Kama ndivyo ulivyo, huenda mlango wako ni huu.

Muziki wa mbira wa Washona mara nyingi huenda kwa mzunguko wa mapigo madogo 48, vifungu vinne vya 12, na hujirudia muda mrefu ukibadilika kidogo kidogo. Huwa na sehemu mbili: kushaura, inayoongoza, na kutsinhira, inayofuata na kujaza nafasi. Kwenye amadinda, marimba kubwa ya mbao ya Buganda, wapigaji hukaa wakitazamana kwenye mbao zilezile, mmoja akipiga katikati ya mapigo ya mwenzake. Pande zote mbili hutokea ajabu moja: msikilizaji anasikia wimbo wa tatu, ambao hakuna hata mmoja anayeupiga. Unaundwa na sikio lake mwenyewe.

Wimbo huo wa tatu ndio tunaoutafuta, na unaweza kuupata kwa mapaja mawili. Hesabu 1 hadi 6, taratibu, bila kusimama:

1. Mkono wa kulia upige kwenye 1, 3 na 5. Fanya dakika mbili, peke yake.
2. Mkono wa kushoto upige kwenye 1 na 4. Dakika mbili, peke yake.
3. Unganisha: kwenye 1 yote miwili, kwenye 3 kulia, kwenye 4 kushoto, kwenye 5 kulia, halafu 1 tena. Mapigo ya 2 na 6 ni matupu.
4. Acha kuhesabu. Ubaki na umbo lake tu.

Itachukua siku kadhaa mpaka iende bila kufikiriwa. Ikishakwenda, tahajudi inaanza: usibadilishe mikono, badilisha usikivu. Sikiliza mkono wa kulia pekee, kana kwamba wa kushoto haupo. Utasikia tatu, tatu, tatu. Kisha hamia wa kushoto: mbili, mbili, mbili. Muziki utaonekana kupunguza mwendo, ilhali hakuna kilichobadilika nje yako. Kisha sikiliza yote kwa pamoja kama sentensi moja. Hama hivyo kila baada ya pumzi kadhaa.

Sijaona zoezi linaloonyesha wazi kuliko hili kwamba usikivu ni kitu unachoweza kukishika na kukisogeza. Mtu aliyejaribu miaka kutazama mawazo yake yakipita bila kuelewa anaambiwa nini, hapa anaelewa ndani ya robo saa, kwa sababu anajisikia akihama.

Weka kengele karibu. Kwenye gamelani, gongo kubwa ndilo linalofunga mzunguko, na wapigaji wote hukutana hapo. Piga kengele yako kila baada ya dakika mbili hivi, na mlio wake uwe ishara ya kulegeza mabega, taya na vidole, mikono ikiendelea.

Onyo: usiongeze kasi. Mwili utataka kupanda, hasa mkiwa wengi. Kasi huleta msisimko, nao una raha yake, lakini si kitu tunachokitafuta leo. Mikono ikianza kuuma, punguza nguvu ya kupiga kwanza, kisha mwendo.

## Hatua ya 6: Kukutana wawili kutoka muziki tofauti

Msikutane kabla kila mmoja hajazoea hatua ya 3 peke yake. Mkikutana, kubalianeni mambo manne kabla ya kugusa ala: Do yetu ni ipi, tunatumia noti zipi, tunapiga dakika ngapi, na ishara ya kumaliza ni nini. Basi. Mengine yote yaachwe wazi.

Kisha gawaneni kazi. Mmoja ashike mvumo au mzunguko, mwingine aongee juu yake kwa dakika 10, halafu mbadilishane. Wawili wakiongea kwa pamoja tangu mwanzo hugeuka mabishano, hata kama ni ya kirafiki. Mkifika mahali mnataka kuongea wote, sheria iwe kwamba kila mmoja anyamaze zaidi ya anavyopiga.

Tatizo la kweli la ufundi ni utyunishaji, na vikao vingi vizuri huvunjikia hapo. Chukua maqamu, yaani ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu, iitwayo Bayati, ikianzia D. Noti yake ya pili haiko E wala E♭. Imekaa katikati ya hizo mbili. Udi, fidla na koo la mwanadamu huipata bila shida. Kinanda cha kawaida hakina kitufe chake. Mpigaji wa kinanda akiigusa E, kila mtu chumbani atashtuka, na mpigaji wa udi atalazimika kuchagua kati ya kuisaliti noti yake au kupambana.

Suluhisho ni rahisi: ala isiyoweza kupinda noti ibaki kwenye zile wanazokubaliana wote. Hapa kinanda kishike D, kiguse A kwa uangalifu, na kiiache E kabisa. Kitakuwa mvumo, na ni kazi ya heshima. Kama hamjui mnakubaliana wapi, pigeni noti moja moja kwa pamoja, polepole, muziandike zile ambazo haziumizi sikio. Mara nyingi zitabaki mbili au tatu. Zinatosha kikao kizima.

Jambo la heshima, na nalisema kwa uzito. Muziki mwingine ni ibada ya watu. Mbira dzavadzimu ya Washona hupigwa kwenye bira, ambako mizimu ya wahenga huitwa. Usichukue wimbo wa namna hiyo uugeuze kitulizo chako, na dua ya mtu usiifanye pambo. Muulize mwenzako mapema kama kuna kitu ambacho kwao hakipigwi ovyo, naye akikwambia, usidai maelezo.

Utajuaje mmekutana: kuna wakati mtanyamaza wote wawili bila ishara, na hakuna atakayekimbilia kuujaza ule ukimya.

## Hatua ya 7: Kuacha kupiga

Kila ulichofanya hadi sasa kilikuwa kinakupeleka hapa, na wengi hufika wakanyanyuka.

Dakika 10 kabla ya mwisho, weka ala chini. Mvumo uendelee peke yake dakika tatu. Kisha upunguze taratibu mno, kiasi kwamba usijue umekatika lini. Kama ni nyuzi, zivute kwa nguvu inayopungua. Kama ni simu, shusha sauti hatua moja kila pumzi mbili. Piga kengele mara moja, uufuate mlio mpaka pale ambapo huna hakika kama bado unausikia au unaukumbuka. Kaa hapo.

Sikio lililofunguliwa kwa nusu saa halijifungi mara moja. Litaendelea kusikiliza ingawa hakuna kinachopigwa, na kwa kitambo utakuwa macho kabisa bila kushughulika na lolote. Ikikaa pumzi tano tu siku ya kwanza, umepata ulichokijia.

Kutokwa machozi, kusisimkwa mwili au kuona rangi hutokea kwa wengine. Usivitafute wala usivipime. Kipimo changu ni cha kawaida zaidi: saa moja baadaye, mtu akizungumza nawe, unamsikiliza mpaka amalize.

Ukitoka kimya, andika mstari mmoja tu daftarini: ni sauti gani iliyokushika leo. Mkiwa wawili, msijadili mlivyopiga kwa angalau dakika 10.

## Ukiendelea kukwama

Unasinzia. Fungua macho nusu, inua Do kwa hatua mbili za noti, au hamia kwenye mzunguko. Ukisinzia kila siku, huenda unahitaji kulala, na ala haiwezi kuwa badala ya usingizi.

Vidole vinajipigia vyenyewe. Badilisha ala uchukue usiyoijua, au igeuze: mshika gitaa wa mkono wa kulia alishike kwa kushoto. Mazoea yatakosa pa kushika.

Mvumo unakukera. Shuka nusu hatua, punguza sauti, au badilisha chanzo. Mvumo ukiendelea kukukera, guna mwenyewe; sauti ya kooni mwako husikika kupitia mifupa, na ni nadra mtu kukerwa nayo.

Unaona hakuna kinachotokea. Angalia ratiba yako kabla ya kulaumu mbinu. Dakika 20 mara nne kwa wiki zitakufikisha mbali kuliko saa mbili za Jumamosi. Wiki ya kwanza hatua ya 1 hadi ya 3 tu. Ya pili na ya tatu ongeza noti. Ya nne mzunguko. Mwenzako aje kuanzia ya tano.

Mnapiga pamoja na mmoja anatawala. Mpeni kengele. Kwa kikao kizima asipige kingine chochote, na aipige pale tu anapoona kila mmoja ametulia. Itambidi awasikilize wenzake kuliko alivyowahi, na kikao kinachofuata mrudishieni ala yake.